Kidole Gumba cha Mama Mkwe

Mliniomba niandike, nikakubali kwa sababu kuandika ni kazi ya kukaa nyumbani. Tangu nistaafu nimetoka nje ya ua wangu mara tatu: mara mbili kwenda kanisani, na mara moja kumfukuza jogoo wa jirani. Kwa hivyo mtashangaa, vijana wangu wa chumba cha plasta, nikiwaambia kwamba miaka niliyoifurahia zaidi kazini ni ile niliyozungushwa vilima vya Kisii na Nyamira nikiwa na penseli na karatasi ya kaki, nikichora nyayo za watu. Mungu naye ana mizaha yake.

Ya vyeo sitayaandika. Yalikuwa machache, na ngazi yenyewe ilikuwa fupi.

Niliingia kazini hospitalini miaka michache baada ya Uhuru, na cheti cha kidato cha nne mfukoni na tai moja shingoni. Dresa mkuu, yaani mkubwa wa wafunga vidonda na plasta, aliitwa Makori, mtu mfupi mwenye mikono iliyojaa unga mweupe hadi kwenye viwiko, kama mama aliyekatizwa akisonga ugali. Siku ya kwanza alinipa beseni, akanielekeza kwa mzee aliyevunjika mguu akiezeka nyumba, akaniambia, "Maji ya vuguvugu. Si ya chai."

Mimi nilidhani maji yakiwa moto zaidi ndiyo huruma zaidi. Kumbe plasta ikikutana na maji ya moto haikungoji. Nilikuwa bado nazungusha bandeji ya tatu nilipogundua siwezi kusimama wima. Tai yangu ilikuwa imefungiwa ndani, na mimi nimeinama juu ya goti la mzee wa watu kana kwamba namwombea.

"Makori," nikaita taratibu.

Akaja, akaangalia, akachukua mkasi. Nikamwambia aangalie asiharibu tai.

"Plasta ni ya hospitali," akasema. "Tai ni yako." Akakata tai.

Mzee alienda kwao na kipande cha tai yangu mguuni. Wiki sita baadaye, plasta ilipotolewa, alinirudishia kwa heshima kubwa, akaniuliza kama ile ilikuwa dawa, kwa maana mguu umepona vizuri sana.

Sasa nije kwenye vidole. Siku zile watu wetu walikuwa wameanza kuvaa viatu kwa bidii: walimu, makarani, wafanyabiashara wa mjini, na akina mama wa kanisani. Viatu vyenyewe vilikuja na ncha nyembamba, kama vimeshonewa samaki. Mtu ambaye kwao wana nundu ya kidole gumba cha mguu, ile ya kurithiwa, akitia mguu katika kiatu cha namna hiyo, kidole kinazidi kulalia wenzake na nundu ubavuni inavimba, inakuwa nyekundu, inauma hata kwa kuguswa na shuka. Wengi walivumilia tu. Nani angeacha shamba la chai aende hospitali kushtaki kidole?

Ndipo tukaletewa daktari mmoja mgeni, mrefu, mwenye penseli nyuma ya sikio. Wagonjwa walimwita Daktari Penseli. Kiswahili chake alijifunza vitabuni, kwa hivyo kilikuwa safi kuliko chetu, na ndiyo maana hatukumwelewa. Huyo alipenda vidole vya miguu jinsi watu wengine wanavyopenda mpira. Alikuwa akichonga ile nundu, anakata kipande cha mfupa, ananyoosha kidole, anashona. Kisha mgonjwa analetwa kwetu, tunatia pamba kati ya vidole, tunazungusha bandeji ya kukivuta kidole upande wake, tunamalizia kwa plasta. Ikishatoka plasta kuna mazoezi. Makori alikuwa na dawa yake: anamwaga punje za mahindi sakafuni, mgonjwa anaziokota kwa vidole vya miguu na kuzitia kwenye bakuli. Mngeona mwalimu mkuu mzima, suti na miwani, akitokwa na jasho kwa ajili ya punje saba!

Shida ilikuwa moja. Baada ya hapo hatukujua waliendeleaje. Aliyepona hakurudi, kwa sababu amepona. Ambaye hakupona hakurudi pia, kwa sababu aliona haya kumwambia daktari kazi yake ni mbaya. Daktari Penseli akatamani kujua. Akataka kila aliyepasuliwa mwaka uliopita atafutwe kwake, akanyage karatasi, mguu uchorwe kwa penseli, na kidole kipimwe kimelala kiasi gani.

"Nani anapenda kutembea?" akauliza.

Makori akanisukuma mbele. Makori alijua vizuri kwamba mimi nikivuka mto wa pili naanza kukumbuka kitanda changu.

Wa kwanza kumwendea alikuwa Ombati, fundi viatu wa Nyakoe, ambako si mbali, na nilifika bado nikiwa na matumaini ya maisha. Kidole chake kilikuwa kimenyooka kama rula. Nilipomchora nilitaka kupiga makofi.

"Unafurahi nini?" Ombati akaniuliza.

"Kimenyooka, fundi!"

"Kimenyooka na kimekuwa kifupi. Ndala inanitoka nikipanda mlima. Mwambie daktari wako akirudishe kilichobaki, kama hakukitupa."

Kutoka hapo nikatumwa Nyacheki kwa mama mchuma chai. Kidole chake kilikuwa kimerudi kulala karibu kama zamani. Nikakunja uso, nikatayarisha maneno ya pole. Mama yule akanishika mkono, akacheka, akanifungia ndizi mbivu mkungu mzima nimpelekee daktari. "Mbuya mono," akasema, nzuri sana! Siku hizi anachuma asubuhi hadi jioni na hausikii ule mguu.

Nikarudi na mkungu kichwani na akili imevurugika. Kwenye daftari la daktari, Ombati aliandikwa "vizuri sana" na mama wa Nyacheki "haikufaulu". Nilijaribu kumweleza. Akaniambia penseli haidanganyi. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Wakati huohuo mimi nilikuwa na habari zangu. Kulikuwa na muuguzi wa wodi ya wanawake, Kemunto, wa Gesima. Alinipenda, nadhani, kwa sababu alijua usiku wowote, mvua au mwezi, nitakuwa nyumbani. Wazee walikuwa wamekwisha kukaa na kusikizana. Lililobaki lilikuwa harusi ya kanisani, na harusi ya kanisani ilikuwa imening'inia kwenye kidole gumba cha mama yake.

Hadithi yenyewe ni hii. Binti mkubwa alipoolewa, mama yao, Bosibori, alikuja kanisani na viatu vipya. Nundu ikakataa. Akaingia miguu mitupu, viatu mkononi kama samaki wawili aliotoka kununua, mbele ya mama wa bwana harusi aliyevaa viatu vya kung'aa. Wanawake walisema hadi Sabato iliyofuata. Bosibori akaapa: harusi ya Kemunto ataingia na viatu miguuni kama mama wengine, au haitakuwa ya kanisani. Ndiyo maana alikubali kisu. Alipasuliwa nikiwa likizo, nyumbani bila shaka, na Makori ndiye aliyemtia plasta.

Mwaka ukapita, na jina lake likatokea kwenye orodha yangu. Bosibori, Gesima.

Kwa wageni nieleze kidogo. Kwetu Abagusii kuna jambo linaitwa chinsoni, yaani haya na heshima kati ya mtu na wazazi wa mke wake. Mama mkwe humpi mkono, huli naye, wala humkodolei macho. Kuona nyayo zake akipita shambani si kosa, maana nani hakutembea miguu mitupu? Lakini kuushika mguu wake, kuuinamia, kukagua kidole kwa kidole? Heri ningekatwa wa kwangu.

Ningeweza kumwambia daktari. Badala yake niliona haya kueleza haya, nikaenda.

Nilipofika Gesima nilipokelewa na Moraa, mdogo wake Bosibori, mwanamke wa maneno. Mama mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia. Akanisalimu kutoka huko, na mimi nikalisalimu pazia.

"Umekuja kuona dada yangu au kuona mguu wake?" Moraa akauliza.

"Mama, nimetumwa na hospitali."

"Hospitali haina aibu. Na wewe?"

"Mimi ninayo. Ndiyo maana nitageuka."

Tukakubaliana hivi: karatasi isukumwe hadi pembeni mwa pazia, mguu utoke chini, mimi nichore nikiwa nimetazama mlangoni. Moraa akaingia ndani "kumsaidia dada". Nikasikia minong'ono, nikasikia kicheko kikikabwa. Kisha mguu ukakanyaga karatasi. Nikageuza uso, nikapapasa kwa ncha ya penseli, nikazunguka. Nilipofika kati ya vidole, mguu ukacheka. Naapa, mguu wote ulitetemeka kwa kicheko. Nikamaliza, nikakunja karatasi, nikatoka kinyumenyume kama mtu aliyesalimia chui.

Daktari Penseli alipoikunjua akaitandaza mezani. Akaweka rula. Akaivua miwani, akaivaa tena. Kidole kilikuwa kimenyooka, nundu hakuna, alama ya nundu hakuna. Akaubandika mchoro ule ukutani katika chumba chetu, juu ya beseni, na kila mgeni aliyepita alionyeshwa: mguu wa Gesima, kazi bora kuliko zote. Mimi nilitembea siku mbili nikiwa na kichwa kikubwa. Harusi ilikuwa kesho kutwa, moyoni mwangu!

Siku ya tatu Kemunto alikuja kuchukua bandeji za wodi. Akautazama ukuta.

"Huyo ni nani?"

"Mama yako," nikasema kwa fahari.

Akasogea karibu. Akaweka bandeji chini. Alianza kucheka kwa mabega, halafu kwa mwili mzima, hadi akashika meza.

"Huu ni mguu wa mama mdogo Moraa! Ona kidole cha pili kimempita gumba. Tumemtania nacho tangu utoto. Ulichora huku umeangalia wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango ulinyooka?"

Makori alilazimika kwenda nje. Nilimsikia akilia kwa kicheko huko kwenye kamba za nguo.

Sikuwa na la kufanya ila kwenda kwa daktari na kumwambia yote, chinsoni, pazia, Moraa. Nilitegemea kufukuzwa. Alisikiliza, akaenda ukutani, akautoa mchoro wake mpendwa taratibu, kama mtu anayeshusha picha ya marehemu. Akasema tu, "Kesho twende wote."

Tukaenda kwa Landrova ya hospitali. Daktari hakuwa mkwe wa mtu, kwa hivyo Bosibori alitoka nje, akaketi kitini, akampa mguu bila wasiwasi. Mimi nilisimama nyuma ya nyumba nikitazama chai. Najua majani ya kichaka kile kuliko ninavyojua Biblia.

Nikamsikia daktari akipima, kisha akashusha pumzi. Kidole kilikuwa kimerudi nusu ya njia, akasema. Nundu imepungua, haijaisha. Angependa mama arudi hospitalini, kipasuliwe tena. Plasta tena. Mazoezi tena. Mwaka mwingine.

Mwaka mwingine! Niling'oa tawi zima la kichaka cha chai.

"Daktari," sauti ya Bosibori ikasema, "ulikinyoosha ili kiende wapi?"

Nikasikia penseli ya daktari ikigonga daftari.

"Kidole hakikuja kwako. Mimi ndiye niliyekuja, na nililetwa na uchungu. Uchungu umekwisha. Ngoja."

Nikasikia hatua zikishuka mteremkoni kwenda kwenye chemchemi, nyayo tupu, haraka. Kisha zikapanda, nzito, na maji yakichezacheza ndani ya mtungi. Hazikusita hata mara moja. Mwaka uliopita, Kemunto alinieleza baadaye, mama alikuwa akipumzika mara nne kwenye mteremko huo.

"Sasa andika hiyo," akasema Bosibori, hata hakuhema.

Nadhani daktari aliandika. Ninachojua ni kwamba daftari lake lilipata mistari mipya tangu siku hiyo: anaumwa au haumwi, anabeba, anapanda, ameridhika au la. Mama wa Nyacheki alihamishiwa kwa waliofaulu. Ombati akapunguzwa kidogo, na nilipomwambia alifurahi sana, akasema hatimaye amesikizwa.

Lakini harusi! Uchungu umekwisha, ndiyo, ila vile viatu vya samaki havikuingia, na kiapo ni kiapo. Basi mimi nikapata wazo langu moja la maisha. Daktari alikuwa ameuchora mguu wa kweli mwenyewe. Kwa nini Ombati asishone viatu juu ya mchoro huo, na kuiachia nundu nafasi yake? Daktari akakubali. Akanipa karatasi mbili zilizokunjwa, mchoro wa Moraa na wa Bosibori, akaniambia mmoja nichane, mwingine nipeleke Nyakoe.

Zote mbili zilikuwa na jina moja kwa mwandiko wangu, maana majina niliyaandika mimi kabla ya kila safari: Bosibori, Gesima. Kuzikunjua sikuweza. Baada ya yale ya pazia nilikuwa nimejiapiza kwamba mchoro wa mguu ni mguu. Nikakumbuka kwamba wa Moraa alinipa kwa mkono wa kulia, au ni wa kushoto? Nikachana mmoja. Nikapeleka mwingine.

Viatu vikashonwa, vikapelekwa Gesima. Kemunto naye akaenda kwao kwa matayarisho. Ndipo Makori, ambaye angesimama nami kama msimamizi wa bwana harusi, akaniuliza huku akikoroga chai, "Ulijuaje ni karatasi ipi?"

Nikaweka kikombe chini.

"Hukujua," akasema Makori. Hakucheka. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Hakukuwa na wa kumuuliza; Ombati, nilidhani, alijua karatasi tu. Mkwe haulizii miguu ya mama mkwe wiki ya harusi. Kama Ombati alishona juu ya mguu wa Moraa, ule mwembamba ulionyooka, basi nilikuwa nimetengeneza viatu vya samaki kwa mara ya pili, na kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ya harusi nilisimama mbele ya kanisa, nikiwa nimewapa watu mgongo. Makori kando yangu. Watu wanaingia, viti vinasogezwa, watoto wanapigwa makofi madogo. Kisha mlangoni pakawa kimya, kile kimya cha wanawake wanaotazama chini kwanza kabla ya kutazama juu. Nikafumba macho. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji, na mguu mtupu juu ya saruji hausemi kitu.

Ko.

Nikangoja. Maisha yangu yote yalikuwa kati ya hatua ile na ya pili.

Ko. Ko. Ko. Taratibu, sawasawa, bila kuchechemea, kutoka mlangoni hadi kiti cha mbele. Nyuma yangu mwanamke mmoja akaanza kigelegele, akakumbuka yuko wapi, akakimalizia kwa "Amina".

"Viatu viwili," Makori akaninong'oneza. "Na ndani kuna miguu. Pumua."

Wakati wa kula, Ombati alinivuta kando. "Wewe, mchoraji. Uliniletea mguu ambao haujawahi kuumwa tangu uzaliwe. Mimi niliyepasuliwa, unidanganye mimi? Nilipanda Gesima nikampima mama mwenyewe." Akaangalia kidole chake kifupi. "Mkwe wangu si yeye. Mimi naruhusiwa kuangalia."

Ndivyo nilivyooa. Tangu siku hiyo nimefunga miguu mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ushauri wangu kwenu ni mwepesi: maji ya vuguvugu, tai ndani ya shati, na ukitaka kujua kama kazi imefaulu, muulize anayetembea kabla ya kutafuta rula.

Kile kidole sijakiona hadi leo. Sherehe yangu ya kustaafu ilifanyika hapa nyumbani, mahali pengine ningekataa. Mama mkwe alikuja. Ni omong'ina sasa, bibi kizee, mkongojo mkononi, na viatu ni vilevile, Ombati ameviwekea soli mara nyingi. Nilikuwa nimekaa sebuleni niliposikia kwenye saruji ya baraza, ko, ko. Nikasimama, nikageukia ukuta, nikatabasamu peke yangu hadi alipokaa.